Njaa ya Januari Huanza Julai

Hotuba iliyotolewa na waenezi vijana wa Chama mbele ya wanachama wa matawi ya pwani ya Kilwa na Lindi, baada ya mavuno.



Mmetukaribisha siku chache baada ya Saba Saba, siku ambayo mwaka 1954 TANU ilizaliwa, na huenda wengine wenu mkadhani tumekuja na maneno ya kura. Sivyo. Leo tumekuja kuzungumza habari ya debe.

Mtama umekwisha kukatwa, mahindi yako ndani, ufuta uko mnadani au umekwisha kuuzwa. Kwa sasa hakuna anayelala na njaa. Ndiyo maana tumechagua kusema sasa, maana mtu mwenye njaa hana nafasi ya kusikiliza hotuba, na akisikiliza, hana tena kitu cha kuweka akiba. Sote twaijua miezi yetu. Januari, Februari na Machi, shamba lataka palizi na mwili wataka chakula, na ndani hamna kitu. Bei dukani imepanda, na fedha ya korosho imekwisha pita kama upepo wa kaskazi. Njaa ile twaiona Januari, lakini kwa kweli yaanza hapa, mwezi huu wa Julai, pale gunia la kwanza linapotoka mlangoni.

Wazee wetu wanajua kuliko sisi kwamba nchi hii si nchi ya ukame tupu. Njaa zake kubwa zilikuwa na sababu za watu. Mwezi wa Julai mwaka 1905 watu wa Umatumbi, kule Nandete, waling'oa pamba ya Mdachi, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Kwa nini pamba? Kwa sababu mtu alilazimishwa kulima shamba la serikali siku ambazo shamba lake mwenyewe la chakula lilikuwa likimwita. Majeshi ya Mdachi yalipoona risasi hazitoshi, yalichoma vijiji, yakachoma maghala, yakaharibu mashamba. Serikali ya Mdachi ilikisia waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamekisia kuwa yapata watu 250,000 hadi 300,000, na wengi wao hawakufa kwa bunduki bali kwa njaa iliyofuata. Adui alijua kwamba uti wa mgongo wa watu hawa ulikuwa ghala. Kisha akaja Mwingereza, na kuanzia mwaka 1947 akafyeka misitu ya Nachingwea alime karanga, ili watu wa kwao wapate mafuta ya kula. Mpaka mradi ule unavunjwa mwaka 1951 zilikuwa zimeteketea pauni milioni 36.

Leo hakuna anayetushikia kiboko tulime pamba. Chakula chatoka nyumbani kwa mikono yetu wenyewe. Lakini je, kwa hiari? Hapo ndipo penye shauri.

Katika mkutano mmoja mama mtu mzima alitusimamisha. Tulikuwa tumeanza kumweleza habari ya akiba, akatukata: "Wanangu, mtoto amerudishwa nyumbani hana sare, na mahindi yamo ndani. Nimwambie asubiri Januari?" Mkutano ukacheka, kisha ukanyamaza. Sisi nasi tulinyamaza, maana siku ile hatukuwa na jibu. Tangu hapo tumekuwa tukilitafuta, na haya tunayoyasema leo ni yale tuliyoyapata. Si jibu lote.

Kwanza, hesabu. Chukueni nyumba ya watu sita: baba, mama, bibi na watoto watatu. Tuseme wanakula unga kilo 2 na nusu kwa siku, bila anasa. Toka Januari mosi mpaka mwisho wa Machi ni siku 90. Hizo ni kilo 225. Debe la mahindi huchukua karibu kilo 18, basi nyumba ile yahitaji madebe 12 na nusu kwa miezi mitatu ile peke yake, na bado hatujahesabu Julai mpaka Desemba. Wangapi hapa wameipiga hesabu hii kabla ya kuuza? Tusioneane haya. Hata sisi tuliosomea ualimu, tunaoandika hesabu ubaoni kila siku, nyumbani kwetu hatukuwahi kuipiga mpaka njaa ilipotufundisha.

Basi tunasema hivi: madebe yale 12 na nusu yawekwe kando kabla ya yote, na yasiitwe mahindi ya kuuza. Aliyebakiwa na madebe 20 baada ya kutenga ya kula mpaka Desemba, auze 7 na nusu. Aliyebakiwa na 10 asiuze hata moja. Sare ya mtoto itoke kwenye ufuta, kuku, mkeka, au korosho mwezi wa Oktoba. Na ikiwa hapana budi mahindi yauzwe, liuzwe debe la sare, si gunia zima kwa ajili ya sare. Twauza gunia kwa sababu mnunuzi anataka gunia, kisha chenji yakaa mfukoni siku mbili, haionekani tena.

Hapa lazima tuguse habari ya kangomba. Nyote mwaijua. Mtu anakuja na bakuli lake na fedha taslimu, wakati korosho bado iko mtini, ananunua kwa bei anayotaka yeye. Tumezoea kumtukana mtu wa kangomba, na anastahili. Lakini anaingia kwa mlango gani? Anaingia kwa mlango wa njaa. Zao la stakabadhi ghalani, mkulima analipeleka chama cha msingi, anangoja mnada, kisha anangoja malipo. Mwenye chakula ndani anaweza kungoja. Asiye na chakula hawezi kungoja hata wiki moja. Kumbukeni msimu wa korosho wa mwaka 2018. Oktoba wakulima walizikataa bei za mnada. Novemba serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei nzuri kuliko zile za mnada. Lakini kwa wakulima wengi malipo yalichukua miezi, yakaingia mwaka 2019, na miezi ile ilikuwa ndiyo hiyo hiyo ya palizi na njaa. Aliyekuwa na madebe yake 12 aliingoja bei nzuri. Jirani yake alikuwa mdai wa fedha nyingi huku watoto wake wakila uji mwepesi.

Pili, muhogo. Sisi watu wa pwani tuna kiburi cha wali. Mgeni akija tunaona haya kumpa muhogo, tunakwenda kukopa mchele dukani. Kiburi hicho kina gharama, na mwaka wa fedha haba hatukiwezi. Muhogo ndiyo akiba ya maskini, maana hukaa ardhini na kumvumilia mwenye shamba. Lakini msiudhanie muhogo kuwa benki isiyoibiwa. Uko ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioelezwa kwa mara ya kwanza na mtaalamu H. H. Storey kule Amani, Tanga, mwaka 1936, na pwani hii ni makao yake ya zamani. Ubaya wake ni kwamba majani yaweza kuonekana mazuri, mtu apite njiani asifu shamba, kumbe chini mzizi umeoza, una madoa makavu ya rangi ya kahawia. Mwenye shamba anajua siku anayochimba, na siku hiyo ni Februari. Kwa hiyo kila mwezi chimbua shina moja, ulikate utazame. Ukiona madoa, usingoje, chimbua upesi, toa kilicho kizima, kausha makopa. Na mbegu isichukuliwe popote tu. Watafiti wa Naliendele, Mtwara, wamehimiza mbegu zinazovumilia ugonjwa huu, mojawapo ikiitwa Kiroba, na wako wakulima wanazo.

Makopa nayo yana adui wake, dumuzi, mdudu aliyetoka Amerika ya Kati akaonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hula mahindi, na hula makopa vilevile mpaka yawe vumbi. Mdudu huyu hajali dari la jikoni wala moshi kama wadudu wa zamani. Kausha sana, mpaka kopa livunjike kwa mlio, kisha weka katika pipa au mfuko usiopitisha hewa, ufunge kabisa, wala usifungue kila siku kuchungulia.

Sasa neno la hatari, na hapa tunaomba mama zetu watusikilize sana. Wengi tunapanda muhogo mchungu kwa sababu nguruwe na nyani hawaupendi, na ni sababu njema. Lakini uchungu ule ni sumu. Mwaka wa neema mama anamenya, analoweka siku tatu mpaka uwe laini, anaanika, anatwanga, na hakuna anayedhurika. Mwaka wa njaa watoto wanalia, na zile siku tatu zinakuwa moja. Hapo ndipo hutokea ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ya mtu kwa ghafla, na miguu ile hairudi kama ilivyokuwa. Huwapata zaidi watoto na kina mama, hasa wanaokula muhogo mtupu bila samaki wala kunde. Si hadithi ya mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitokea kwa jirani zetu, Mtwara na Ruvuma. Msifupishe siku za kuloweka. Na kama unga una mashaka, uko ufundi mwepesi: tia unga katika bakuli, weka alama ulipofikia, tia maji ukikoroga. Utaona unga unashuka, na ukiendelea kutia maji utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji. Utandaze juu ya ungo au mkeka safi, unene wa kidole tu, uache juani saa 2 au kivulini saa 5, sumu itoke hewani. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo. Haugharimu hata senti. Na ndiga za porini vivyo hivyo: asiyejua kuziosha kwa maji yanayopita asizikaribie, awaulize bibi zetu kwanza.

Tatu, tutasema jambo ambalo huenda likatuharibia chakula cha mchana. Msimu huu ni msimu wa jando na unyago. Sisi sote tumelelewa humo, na hatuji hapa kama wamisionari kuwaambia mziache mila zenu. Lakini tuhesabu. Watoto wa nyumba moja wakitoka, mchele kiasi gani unapikwa kwa siku mbili za ngoma? Mara nyingi ni chakula cha miezi miwili cha nyumba ile, na waalikwa wanaokisifu hawaonekani Februari. Je, haiwezekani nyumba tatu au nne za mtaa mmoja zitoe watoto wao siku moja, kwa sufuria moja? Wazee waamue, sisi tumeuliza tu.

Wavuvi wa Kivinje, Masoko na Mchinga wasidhani hotuba hii ni ya watu wa jembe. Kusi hii inavyovuma, ngalawa ngapi zimelala ufukweni? Ng'onda na dagaa waliokaushwa vema siku za wingi ndio watakaoubadilisha muhogo wa mkulima kuwa chakula kamili. Debe kwa kilo, mpaneni bila kupitia fedha.

Kuna wanaosema Serikali ina ghala. Ni kweli, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula upo tangu mwaka 2008, na ni haki yetu kuudai utusaidie yakitufika makubwa. Lakini wazee wanaikumbuka tufani ya Lindi ya Aprili 1952, na sisi sote tunaikumbuka Hidaya ya Mei 2024, jinsi barabara ya Dar es Salaam ilivyokatika Somanga, malori yakasimama upande ule na sisi upande huu. Siku zile mchele wa lori haukuwa na faida kwa mtu.

Kwa hiyo yako mapatano ambayo matawi mawili yamekubali kujaribu, na tunawaomba mfikiri kama nanyi mtaingia. Kila nyumba ilete debe moja, la mtama au mahindi makavu, kabla ya mwisho wa Agosti. Liwekwe katika ghala moja la kijiji, liandikwe kwa jina. Januari aliyepungukiwa akope debe, na mavuno yajayo arudishe debe, bila nyongeza yoyote, maana riba mwaijua hukumu yake. Kufuli ziwe tatu na funguo ziwe kwa watu watatu, mmoja wao awe mwanamke, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi. Mjane na mzee asiye na kitu waingizwe bila debe. Twaijua hofu yenu: mwajua michango mingi iliyoliwa na waliokabidhiwa. Ndiyo maana hatutaki ufunguo hata mmoja ukae kwa mtu wa Chama.

Wenye kuikubali shauri hii wabaki baada ya dua. Na mwenye pingili za Kiroba safi, asiye na michirizi shambani, ampe katibu jina lake kabla hajaondoka, aseme anaweza kutoa mizigo mingapi, maana mvua za Desemba zitakuta wengi hawana cha kupanda.