MAMA ALIYEJIFUNGUA SI MVIVU

(Hotuba kwa wanachama katika mkutano wa tawi)



Leo sitasema juu ya mishahara. Nitasema juu ya damu ya mama aliyejifungua, maana jambo hili hutufikia hata kazini. Mama hurudi kutoka likizo ya uzazi, akisimama penye mashine kichwa kinazunguka, akipanda ngazi anahema na moyo unakwenda mbio. Msimamizi humwita mvivu. Nyumbani mume naye husema hivyo hivyo. Lakini mara nyingi huo si uvivu, ni upungufu wa damu.

Mwili hutengeneza damu kwa madini ya chuma. Wakati wa mimba mtoto huchukua chuma chake kwa mama, na siku ya kuzaa mama hupoteza damu tena. Kama alikuwa na malaria au minyoo ya safura, au mimba zilifuatana upesi, akiba yake imekwisha.

Dawa iko. Kwanza apimwe damu kliniki. Pili, ameze vidonge vya chuma kama alivyoagizwa. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, mahali ambapo upungufu wa damu umeenea kwa wajawazito, mama aweza kupewa vidonge hivyo kwa majuma 6 hadi 12 baada ya kuzaa. Wengi huviacha mapema kwa sababu choo kimekuwa cheusi au tumbo linasumbua. Choo cheusi ni kawaida ya vidonge hivyo. Tumbo likisumbua, avimeze pamoja na chakula kidogo, au amwulize muuguzi. Mama anayenyonyesha aweza kuvitumia bila hofu. Lakini vifungiwe mbali na watoto, maana mtoto akimeza vingi aweza kufa.

Tatu, chakula: nyama, maini, omena, maharagwe, ndengu na mboga, pamoja na chungwa. Chai isinywewe pamoja na chakula wala vidonge, kwa kuwa huzuia chuma. Angoje saa moja au mbili.

Damu ikiwa imepungua sana, daktari aweza kumpa chuma kwa sindano ya mshipa, au kumwongeza damu. Na mama anayetokwa na damu nyingi asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

Ndugu zangu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili. Tazameni: miezi hiyo yatosha majuma 12 ya vidonge. Anayemrudisha kazini kabla ya siku zake humnyima nafasi ya kupona. Akiwa bado mgonjwa, sheria hiyo hiyo ina likizo ya ugonjwa kwa cheti cha daktari.

Wawakilishi, mkisikia mama anatishiwa kufukuzwa kwa uchovu, ulizeni kwanza kama amepimwa damu. Nanyi waume, tekeni maji, mleteni chakula, na mmwache mama alale.