Kwa Nini Kansa Hukaidi Dawa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya ugonjwa wa kansa. Wengi wetu hudhani uvimbe wa kansa ni donge moja lenye tabia moja. Sivyo. Uvimbe wa sentimita moja tu huweza kuwa na mamia ya mamilioni ya seli, nazo hazifanani.

Kila seli inapogawanyika hunakili jeni zake, yaani maagizo ya urithi. Makosa ya kunakili hayakosi, lakini seli ina mafundi wake wa kusahihisha. Je, fundi mwenyewe akiharibika? Makosa yatalimbikizana. Seli nyingi za namna hiyo hufa. Lakini chache hunufaika: hii hukua upesi, ile huikwepa kinga ya mwili, nyingine huistahimili dawa. Hizo ndizo zinazozaana, na kizazi chao hurithi pia ule ubovu wa fundi. Hivyo kadiri uvimbe unavyokua, ndivyo vurugu inavyozidi ndani yake.

Mwanasayansi wa Marekani, Peter Nowell, alilieleza jambo hili mwaka 1976. Mwaka 1993 wataalamu waligundua kwamba hitilafu ya kurithi katika jeni iitwayo MSH2, mojawapo ya hao mafundi, huleta kansa ya utumbo mpana katika baadhi ya koo.

Basi dawa moja ikiua seli 99 katika kila 100, ile iliyosalia huenda ndiyo sugu, nayo itaanzisha ukoo mpya. Ndiyo maana madaktari huchanganya dawa, kama wafanyavyo kwa kifua kikuu. Seli inayoikwepa dawa ya kwanza, ya pili huweza kuinasa. Hapa hapa Afrika Mashariki, Taasisi ya Kansa ya Uganda, iliyofunguliwa Mulago mwaka 1967, ilitumia dawa za kuchanganya kuwatibu watoto wenye uvimbe wa Burkitt, ule wa taya, na wengi walipata nafuu.

Nasema haya kwa sababu nawasikia watu wakisema, "Uvimbe umenywea, dawa za nini tena?" Wengine huuficha uvimbe mwaka mzima. Mimi nasema, kunywea si kwisha, na kila mwezi wa kusubiri ni nafasi ya seli kujifunza ukaidi. Nendeni hospitali mapema, na mkianza matibabu msiyaache mpaka daktari aseme basi.