Buti la Kutembelea Msituni

Hifadhi ya Mazingira Asilia Pugu-Kazimzumbwi, hapa kwetu Kisarawe, ina vilima, mizizi na njia zinazoteleza mvua ikinyesha. Kabla ya kwenda kutembea huko, chagua buti kwa makini.

Lijaribu jioni, kwa kuwa kutwa nzima miguu huvimba kidogo. Vaa soksi zilezile za safari. Jaribu miguu yote miwili. Mara nyingi mmoja ni mkubwa, basi fuata huo. Funga kamba, tembea: kisigino kisipande, na mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Shuka ngazi: vidole vikigonga mbele, buti ni dogo. Muuzaji akikwambia litaachia, kumbuka ngozi hulainika lakini urefu hauongezeki.

Ukinunua buti la mtumba katika soko la Karume, kunja soli. Ikipasuka au gundi ikibanduka, liache hata kama linang'aa.

Buti jipya lizoee kwanza nyumbani, usije ukapata malengelenge njiani. Mwenye kisukari akague nyayo kila arudipo, kwani kidonda asichokihisi huweza kumgharimu mguu.