Wakufunzi Watatu, Somo Moja

Hotuba iliyotolewa Kolandoto, kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani



Nimetakiwa nieleze kazi yetu sisi tunaowaandaa walimu huko vyuo vikuu, na hasa jinsi tunavyoshirikiana. Nitasema kweli, hata pale inaponiumbua.

Wa rika langu mtakumbuka kwamba tulianza darasa la kwanza mwaka 1977, mwaka ambao Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilikuwa limeuwekea lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakawa wanafundisha huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa wakufunzi waliowazungukia vijijini. Walioandikishwa walizidi 45,000. Wako waliowaita "walimu wa UPE" kwa dharau. Mimi siwacheki, maana mmoja wao ndiye aliyenifundisha kusoma. Na mpango wa namna ile hauwezi kwenda ikiwa mtunga somo, msomaji wa redioni na mkufunzi wa kijijini kila mmoja anasema lake.

Sasa tazameni sisi wenye shahada.

Miaka kadhaa iliyopita tulimpeleka kijana mmoja wa Fizikia na Hisabati kwenye mazoezi ya kufundisha mkoani Geita. Mkufunzi wa kwanza alimwambia aanze na jaribio, nadharia ifuate. Wiki ya pili nikafika mimi. Nilimkuta na betri, nyaya na balbu mezani. Nikamwambia anapoteza dakika, aanze na maelezo ubaoni. Wa tatu, mtu wa idara ya sayansi, hakujali mbinu hata kidogo, alisahihisha fomula akaondoka. Kila mmoja aliacha karatasi yake ya alama, na hakuna aliyesoma ya mwenzake. Kijana aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, sasa nimfuate nani?" Nikamjibu, "Fuata maelekezo."

Alifaulu, lakini hakuingia tena darasani. Leo anauza simu Katoro, na biashara yake inakwenda vizuri. Nilipomwomba radhi alicheka tu, akanipa kiti na soda.

Ndipo tulipokaa sisi watatu. Tukagundua kuwa ofisi zetu zilikuwa zimepakana miaka mitano, na hakuna aliyewahi kumwona mwenzake akifundisha. Hata mafundi wawili wa baiskeli pale stendi wanajuana kazi kuliko hivyo! Tukachukua utaratibu wa Wajapani, ambao wenzetu wa Zambia waliuanza mwaka 2005: walimu wanaandaa somo pamoja, mmoja anafundisha, wengine wanakaa na kuwatazama wanafunzi, siyo mwalimu. Kisha wanalirekebisha somo.

Zamu yangu ilipofika nilifundisha kwa mbwembwe. Baadaye mwenzangu akafungua daftari lake, akasema wanafunzi wa safu ya nyuma hawakuandika neno kwa dakika ishirini. Nilikasirika siku mbili. Mtu mwenye shahada ya uzamivu hapendi kuchunguliwa, ndugu zangu. Siku ya tatu nilikwenda kukaa safu ile ya nyuma, nikaona kuwa mwandiko wangu wa ubaoni hausomeki kutoka pale.

Sitawadanganya kwamba mambo yamenyooka. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa maandishi yenye jina lake, na saa ya kukaa na wenzake haimpi kitu. Wengine walikuja mara moja wakaaga. Huku Usukumani vikundi vya kulima vilikwenda kwa ngoma, na mvivu alionekana kwa sababu jembe lake lilichelewa. Kwetu chuoni kila mtu ana shamba lake na ukuta wake.

Lakini karatasi ya alama sasa ni moja, na tunaijaza wawili tukiwa chumba kimoja, mwanafunzi akisikiliza.

Nina ombi moja kwa Mkuu wa Shule. Utakapowapokea walimu wa mazoezi, turuhusu tuje wawili wawili. Nanyi wanafunzi, mkiona wazee wawili wameketi nyuma wakiandika, msinyamaze kwa woga. Ulizeni maswali yenu kama kawaida, tunayahitaji.