Upele wa Bwindi

Mwaka 1996, katika msitu wa Bwindi kusini-magharibi mwa Uganda, ilitoka habari ya kutisha. Kundi dogo la gorila wa milimani, wanne tu, walikuwa wananyonyoka manyoya na kujikuna usiku na mchana. Aliyezidiwa ni mtoto, amekonda na ngozi imekauka. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kazi ya kutibu wanyamapori katika hifadhi za Uganda, alimuuliza daktari wa binadamu: watu wa pale wanasumbuliwa zaidi na ugonjwa gani wa ngozi? Akajibiwa: upele.

Na kweli ulikuwa upele. Gorila wengine walitibiwa kwa dawa ya ivermektini wakapona. Yule mtoto alikufa.

Mdudu wa upele ni mdogo mno, ni taabu kumwona kwa macho. Jike hutoboa ngozi, akachimba njia ndani yake na kutaga mayai humo humo. Akitoka mwilini hufa baada ya siku chache, ila penye baridi na unyevu, kama kwenye milima ya Kigezi uliko msitu huo, huweza kuishi zaidi. Sasa fikiria shamba lililopakana na msitu. Mkulima amesimamisha sanamu ya kutishia wanyama na kuivika shati kuukuu. Gorila naye anapenda utomvu na moyo wa mgomba, hivyo hutoka msituni kuufuata. Akilikuta shati, atalishika, atalinusa. Wataalamu waliamini kwamba ugonjwa ulitoka kwa watu, na nguo za namna hiyo zilikuwa miongoni mwa njia zilizodhaniwa.

Mtalii anayekwenda kuwaona gorila hao huwekewa masharti mengi: asiwakaribie, na akiwa na mafua asiende kabisa. Ni sawa kabisa. Lakini mtalii hukaa nao saa moja tu, kisha huondoka. Anayebaki ni mwanakijiji, yule anayewafukuza kwenye migomba yake alfajiri, na watoto wake wanaolala watano chini ya blanketi moja. Nani anamwuliza huyo kama anawashwa?

Mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 800 kwa kibali cha kuwaona gorila wa Bwindi. Upele wa binadamu hutibiwa kwa dawa nyeupe ya kupaka, BBE, tunayoijua toka utotoni kwa jinsi inavyochoma. Ukilinganisha na dola hizo, si dawa ya gharama kubwa. Kinachoshinda familia maskini ni masharti yake: nyumba nzima ipakwe siku moja, hata asiyejikuna, na nguo na matandiko yote yafuliwe yaanikwe juani. Utafua vipi matandiko yote siku moja ikiwa maji yanatekwa bondeni, na blanketi la kubadilisha huna? Basi anapona mmoja, anaambukizwa tena na ndugu yake.

Daktari Kalema-Zikusoka aliliona hilo. Mwaka 2003 alishiriki kuanzisha shirika la Conservation Through Public Health, linaloshughulikia afya ya gorila pamoja na afya ya majirani zao. Naamini alikata shauri lililo sahihi, na nasikitika kwamba katika hifadhi zetu nyingi bajeti ya wanyama na bajeti ya zahanati bado hazijuani. Huku kwetu, Serengeti na Maasai Mara, duma na swala wameshaonekana na upele, na mbuzi na mbwa wa vijiji vya jirani wanaupata vilevile.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye hifadhi ni hili: sehemu ya fedha za viingilio iende moja kwa moja kwenye zahanati iliyo karibu zaidi na mpaka wa hifadhi. Dawa ya upele isikosekane rafuni, bomba la maji lifike kijijini, na afisa mifugo apewe pikipiki na mafuta ya kuwafikia wenye mbuzi.