Mvuje jikoni

Juma hili siasa nimeziweka kando. Nataka tuingie jikoni, tena jikoni kwangu, ambako Jumapili iliyopita palitokea kisa.

Tangu tumzike baba, mama anakaa kwetu, na chakula amekipa kisogo. Wali vijiko viwili, chai bila kitafunwa, basi. Mke wangu amempikia kila anachokijua. Ndipo nikasema zamu hii ni yangu, nitampikia rogan josh, mchuzi wa kondoo wa Kashmir.

Pishi hilo nilifundishwa Delhi, nilipokwenda kozi fupi ya utangazaji. Mama mwenye nyumba alikuwa Mpandit, yaani Mhindu wa tabaka la Brahmani kutoka Kashmir, mmoja wa maelfu waliolikimbia bonde lile kuanzia mwaka 1990. Wengi wetu tumezoea kusikia kwamba Brahmani hali nyama. Huyu wa Kashmir anakula, tena kondoo hasa. Asichotia ni kitunguu maji na kitunguu saumu, na hata nyanya haimo. Waislamu wa kule wao saumu hutia, na katika karamu zao za harusi wageni wanne hula sinia moja, kama sisi tu.

Badala ya vitunguu, Mpandit hutia mvuje. Mafuta yakishapata moto unatia karafuu, iliki, mdalasini na chembe ya mvuje, kisha nyama yenye mifupa. Unaikaanga hadi maji yakauke na nyama iwe kahawia. Halafu mtindi uliopigwa ukalainika, na hapo ndipo penye mtihani. Mara ya kwanza nilimimina bakuli zima kwa mkupuo, baridi kutoka kwenye jokofu. Ukakatika, ukawa mabonge na maji, na mke wangu akaenda kuchekea uani. Safari hii nilitia kijiko kimoja kimoja, moto mdogo, mwiko hautulii. Kisha pilipili nyekundu ya unga, ile ya Kashmir yenye rangi nyingi kuliko ukali, shamari ya unga na tangawizi kavu. Maji kidogo, funika, saa moja na nusu. Ukiona mafuta mekundu yanaelea juu, ujue kimeiva. Rogan kwa Kiajemi ni mafuta.

Nilikuwa bado nakoroga, mama akatokea mlangoni, kanga kaishika puani.

"Nani ana shetani humu ndani?"

Kwetu pwani, msikilizaji, mvuje si kiungo cha mchuzi. Ni dawa ya kufukuzia mapepo, na mimi mwenyewe utotoni nilifungwa mvuje shingoni. Nikajaribu kumweleza habari za Kashmir. Akasema yeye hali dawa ya mashetani, akarudi chumbani.

Kilo nzima ya kondoo, na bei mnaijua.

Tukapakua kimya kimya. Sahani yake nikaifunika kwa kawa. Tulikuwa tumefika katikati ya chakula niliposikia kandambili zake. Akaketi, akamega mkate, akachovya, akatafuna kwa muda mrefu.

"Baba yako angeuliza ndimu iko wapi," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja marehemu tangu tutoke matangani. Akasogeza sahani, akaomba mkate mwingine. Mtoto tukamtuma dukani, akanunue ndimu.