Nyumba Njema si Mlango

(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Meru na Embu)



Leo tuzungumze juu ya jambo dogo linalovunja vikundi: vitambaa vya makochi. Mnacheka, lakini ngojeni.

Vikundi vyetu vingi hukutana kwa zamu, leo kwa huyu, mwezi ujao kwa yule. Wa kwanza ametandika vitambaa vya kufuma na pazia jipya. Wa pili hataki kushindwa, anakopa. Zamu ikifika kwa mama mwenye vigoda vitatu na ukuta wa udongo, anasema ni mgonjwa. Mwezi unaofuata haji. Mwisho tunaandika kitabuni kwamba ameacha. Je, ameacha, ama tumemfukuza kwa macho yetu? Na yeye ndiye aliyehitaji kikundi kuliko sisi wote.

Tukumbuke tulikotoka. Katika miaka ya 1960 akina mama wa Nyeri na majirani zao walianza vikundi vya mabati. Walichanga pesa, wakaezeka nyumba ya mmoja, halafu ya mwingine. Bati lilipendeza, ndiyo, lakini pia lilizuia mvua na kukinga maji. Uzuri na faida vilikwenda pamoja.

Kisha ikaja pesa ya kahawa. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil. Bei ikapanda, na huku kwetu wenye mashamba wakajenga nyumba za mawe, wakanunua makochi. Mwaka 1989 mapatano ya kahawa ya dunia yalivunjika, bei ikaanguka. Kwa hivyo kochi la jirani si dalili kwamba amekushinda akili. Pengine ni baridi ya Brazil tu!

Tena tazameni jinsi dharau inavyogeuka. Kiondo, kibuyu na kigoda tuliviondoa sebuleni tukiona ni ushamba. Leo kuna watu wa Nairobi wanaovinunua kwa bei kubwa wapambe kuta zao, na wanacheka vitambaa vyetu. Kitu ni kile kile. Aliyebadilika ni anayekisifu.

Sisemi tusipambe. Mama aliyefuma kitambaa chake jioni, baada ya shamba, ana haki ya kukifurahia. Lakini hebu tuingie jikoni, anakoshinda na watoto: giza na moshi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020.

Basi, mkirudi nyumbani mjadiliane mambo matatu. Kwanza, kama kuna anayeona haya, mkutane chini ya mti. Pili, chai iwe ya namna moja kwa kila mwenyeji. Tatu, pesa ya mzunguko ianze na jiko: kabla ya pazia, dirisha.

Na kabla ya mkutano ujao, watu wawili waende kwa yule aliyeacha. Wakalie kigoda chake, wanywe chai yake, wamwambie zamu yake bado ipo.